Kidole Changu, Kufuli Lao

Ndugu msomaji, naanza kwa kukuomba radhi. Jarida hili ni la hadithi na mashairi, na mhariri alitegemea nimletee hadithi fupi. Hadithi ninayo, imekwama ukurasa wa kumi na moja. Badala yake nimeleta hasira. Ukiona mada ni kompyuta ukataka kufunua ukurasa unaofuata, subiri kidogo, bwana. Jambo hili linakuhusu wewe unayeandika kuliko linavyomhusu fundi.

Laptopu yangu ni mtumba. Niliinunua Kariakoo baada ya kujinyima miezi saba, ikiwa na Windows 10 iliyokuwa ikitambaa kama konokono. Oktoba 14, 2025 Microsoft ikaacha kuihudumia Windows hiyo kwa kawaida, na Windows 11 ikaikataa mashine yangu kwa kosa la uzee. Sikulia. Nikafuta yote nikaweka Linux. Na tuseme kweli: kila kitu kiliamka. Sauti, kamera, Wi-Fi, kibodi, flashi, vyote vikaitika, na mashine ikawa nyepesi kama iliyotoka kiwandani jana. Kitu kimoja tu kikabaki usingizini: kile kijidirisha cheusi pembeni ya kibodi, ukubwa wa ukucha, kinachosoma alama ya kidole.

Sikujali. Nilisema, kijidirisha na kife, mimi naandika riwaya.

Mpaka Jumamosi moja. Sisi waandishi chipukizi tuko sita, na kijiwe chetu ni mgahawa wa chai kule Magomeni. Meza moja, laptopu mbili, na kelele za kutosha. Kufungua mashine yangu ni kuandika neno la siri, na kwa siku naweza kuliandika mara kumi, macho kumi ya wenzangu yakiniangalia. Siku hiyo nikatoka kwenda kununua vocha. Niliporudi mshikaji mmoja alikuwa amesimama, anasoma kwa sauti sura niliyoandika juu ya mzee wangu: jinsi alivyopunguzwa kazini, na jinsi alivyoendelea kwa mwaka mzima kufunga tai kila asubuhi, akaaga, akaenda kukaa bustanini mpaka jioni, ili sisi watoto tusijue. Sura ile sikukusudia mtu yeyote aisome wakati mzee yu hai. Kijiwe kizima kilikuwa kinacheka. Mshikaji hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ameyaona tu mapito ya vidole vyangu kwenye kibodi, akayakariri.

Usiku ule nikakikumbuka kijidirisha. Neno la siri linachunguliwa. Kidole, nani atakichungulia?

Nikaingia kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya watumiaji. Mahali ambapo wenzangu huona maneno ya kuingia kwa kidole, mimi sikuona kitu. Nikaandika amri moja fupi, lsusb, mashine ikataja vifaa vyake vyote kwa namba: nusu ya namba ni ya kampuni iliyotengeneza, nusu ni ya kifaa chenyewe. Kisoma vidole kilikuwamo, kizima, kina umeme, kimeitika jina. Nikachukua namba zake nikazitafuta katika orodha ya vifaa vinavyofahamika na libfprint, ambayo ndiyo maktaba ya programu inayosomesha vidole kwenye Linux. Hazimo. Kifaa kipo, kidole kipo, mwenye vyote viwili ni mimi, na hawawezi kuzungumza.

Kinachokosekana kinaitwa draiva. Ni neno lile lile la dereva wa daladala, na limekaa mahali pake. Basi lipo, abiria wamekaa, mafuta yamejaa, dereva hayupo. Draiva ni programu inayojua lugha ya kifaa fulani, inakipa amri na kupokea majibu. Sasa utauliza, mbona kibodi na flashi havikusumbua? Kwa sababu watengenezaji wa vitu hivyo walikubaliana zamani juu ya lugha moja. Kibodi ya Mchina na kibodi ya Mjerumani zinasema maneno yale yale, na draiva moja inazitosha zote. Visoma vidole havikufikia mapatano hayo. Kila kampuni ina itifaki yake, kila itifaki imefungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati hapewi kila mtu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia. Sasa niwajibu wanaonizomea, mmoja mmoja.

Wa kwanza ananiambia: “Rudi Windows, acha ubishi.” Ndugu yangu, hata kama ningetaka, mlango umefungwa, mashine yangu ni mzee asiyepokelewa. Na hata ungekuwa wazi, tazama maana ya ushauri wako. Unaniambia kwamba kifaa nilichokilipia kwa fedha yangu kinifanyie kazi pale tu ninapokubali nyumba aliyonichagulia mwingine. Ukinunua kitasa cha mlango Kariakoo, muuzaji anakuuliza mlango wako ni wa mvule au wa mninga?

Wa pili anasema: “Kitu cha bure, unalalamika nini?” Huyu ndiye anayeniudhi zaidi, maana anazungumza Kiswahili na bado hakisikii. Lugha yetu ina neno bure na ina neno huru. Wako watu ulimwenguni ambao lugha yao inayatia maneno haya katika chungu kimoja, nao wamehangaika miaka mingi kueleza tofauti. Sisi tumezaliwa nayo mdomoni. Linux sikuichagua kwa ubure wake. Kopi za wizi za Windows zimejaa mjini na hizo nazo ni bure. Niliichagua kwa uhuru wake: naruhusiwa kuisoma ilivyoandikwa, kuirekebisha, kuinakili na kumpa jirani. Na laptopu, nawakumbusheni, haikuwa bure. Kijidirisha kile kilikuwamo ndani ya bei.

Tena malalamiko haya si ya jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman, mwandishi wa programu katika maabara ya chuo cha MIT kule Marekani, alichoshwa na mashine ya kuchapa ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi. Mashine ya zamani alikuwa ameitia programu ya kuwajulisha watu inapokwama. Hii mpya hakuweza, kwa sababu msimbo wake haukutolewa. Akamfuata mtu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao, akamwomba. Akanyimwa, mtu yule alikuwa ametia sahihi ahadi ya kutotoa. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, kuandika mfumo mzima ulio huru. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa kiini cha Linux. Yaani uhuru wote huu tunaojivunia una mzizi wake katika karatasi iliyokwama na mtu aliyenyimwa kuisoma programu ya kifaa. Leo karatasi haikwami, kinachokwama ni kidole. Ugonjwa ni ule ule.

Torvalds naye ana habari yake ya kidole. Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto kule Finland, aliulizwa juu ya Nvidia, watengenezaji wa kadi za picha waliokuwa wakificha siri za vifaa vyao. Akaigeukia kamera, akaitolea Nvidia kidole cha kati pamoja na tusi ambalo mhariri wangu hatalichapa. Adabu haikuwapo. Lakini Mei 2022 Nvidia hao hao wakatoa hadharani msimbo wa sehemu ya draiva yao inayokaa kwenye kiini. Sisemi ni kidole kilichowatoa. Nasema tu kwamba jambo lililokuwa haliwezekani mwaka 2012 liliwezekana miaka kumi baadaye.

Wa tatu anazungumza kitaalamu, amevaa tai. “Tunaficha itifaki kwa usalama wako wewe mtumiaji. Wezi wakijua namna chipu inavyozungumza, watakuibia.” Hapa inabidi tufungue kifuniko tutazame.

Visoma vidole ni vya aina mbili. Aina ya zamani hupiga picha ya kidole na kuipeleka kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayolinganisha mistari. Kazi hiyo libfprint huifanya kwa programu zilizotolewa wazi na NIST, taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani. Aina mpya hulinganisha ndani ya chipu yenyewe: picha haitoki nje, na kompyuta huambiwa tu ndiye au siye. Aina hii ya pili kwa kweli ni salama zaidi, sibishi. Lakini usalama wake unatoka katika jinsi ilivyojengwa. Kufichwa kwa mazungumzo yake hakuongezi kitu. Mwaka 1883, kabla babu wa babu yangu hajaona balbu, Mholanzi Auguste Kerckhoffs aliandika kanuni kwamba mfumo wa siri sharti ubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui. Kinachofichwa ni ufunguo peke yake. Kufuli zuri ni lile ambalo hata fundi aliyelitengeneza halifungui bila ufunguo.

Na ushahidi upo. Mwaka 2023 Microsoft yenyewe iliwaomba wachunguzi wa Blackwing Intelligence wazijaribu laptopu tatu zenye visoma vidole: Dell Inspiron 15, Lenovo ThinkPad T14 na Microsoft Surface Pro X. Zote tatu waliziingilia. Microsoft ilikuwa imebuni njia ya kuyalinda mazungumzo kati ya kompyuta na chipu. Katika mbili kati ya tatu, njia hiyo haikuwa imewashwa. Siri ilikuwapo tele. Kilichokosekana ni kufuli.

Mpinzani wangu mwerevu atanishika hapa: “Mbona kwenye ile Dell waliingia kwa kutumia Linux?” Kweli, walitumia Linux kusajili kidole cha mvamizi kwa namba ile ile ya mwenye mashine. Lakini kilichowapitisha ni chipu yenyewe, iliyokubali kuelekezwa ni daftari gani la vidole itumie bila kumuuliza anayeielekeza ni nani. Mlinzi anayemfungulia geti kila anayepiga honi, utalaumu gari?

Wa nne ni wa kwetu, na huyu namjibu kwa heshima. Ni mkereketwa wa Linux, anayekuambia kidole ni upuuzi, neno la siri ndilo bora. Ana hoja. Neno la siri likiibwa unalibadili. Kidole kikinakiliwa huna cha kubadili, na kila glasi unayoishika unaiachia sahihi yako. Isitoshe, hata kwenye Linux ambayo kidole kinasoma, bado utaombwa neno la siri ili kufungua sanduku yanamohifadhiwa maneno mengine ya siri, kwa sababu kidole hutoa kibali tu, hakitoi ufunguo. Yote kweli, kaka. Lakini wewe unafanya kazi chumbani kwako, umefunga mlango. Mimi nafanya kazi kijiweni. Adui yangu si jasusi wa nje, ni mshikaji mwenye macho mazuri. Kwa adui huyo, kidole kingetosha. Ukimjibu mwenye shida kwamba shida yake si shida, unampeleka mwenyewe kwa yule wa kwanza wa kurudi Windows.

Sasa nitoke kwenye mashine kidogo, maana hasira yangu ina mizizi ya mbali.

Habari ya alama za vidole na sisi watu wa kutawaliwa ni ndefu. Mwaka 1858 William Herschel, mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Bengal, India, alimpigisha mkandarasi chapa ya kiganja kwenye mkataba ili asije akaukana. Kwa majirani zetu Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika tangu umri wa miaka 16 kubeba kipande, chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha bati alichokivaa shingoni kama kengele ya mbuzi. Alama ilikuwa ya kidole chake, lakini wa kuisoma alikuwa bwana shamba na polisi.

Sisemi leo ni ukoloni. Nasema jambo dogo zaidi. Mwaka 2019 Watanzania tulipanga foleni kusajili laini za simu kwa vidole, na kuanzia Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Bibi yangu alikwenda mara tatu. Miaka hamsini ya jembe ilikuwa imemfuta mistari. Kila akibonyeza, mashine inamkatalia. Akamwambia yule kijana wa mashine, “Mwanangu, vidole ninavyo, hebu vihesabu.” Tulicheka sana nyumbani. Leo sicheki. Wanapokihitaji kidole changu wao, mashine, umeme na draiva vyote vipo. Ninapokihitaji mimi mwenyewe, kufungua riwaya yangu mwenyewe, kwenye mashine niliyoilipia mwenyewe, naambiwa kifaa hakifahamiki.

Ni nani basi waliojaribu kutusaidia? Si wenye makabati. Libfprint ilianzishwa na Daniel Drake, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, miaka ya 2006 na 2007. Wengine wakafuata. Chipu za Validity, kampuni iliyonunuliwa na Synaptics mwaka 2013, ziliwekwa kwenye laptopu nyingi sana bila draiva ya Linux; wapenzi wakaziwekea mtego, wakasikiliza Windows ikizungumza na chipu, wakayachambua mazungumzo yaliyofungwa kwa siri neno kwa neno, mpaka ukapatikana mradi wa python-validity. Waandishi wenzangu, hiyo ni kazi gani kama si tafsiri? Ni kutafsiri lugha isiyo na kamusi, kwa kumsikiliza mzungumzaji asiyetaka usikie. Na hakuna aliyewalipa.

Halafu tazama ajabu. Kuanzia mwaka 2019 na 2020 Synaptics na Goodix wakaanza kuandika wenyewe draiva huru za baadhi ya chipu zao mpya na kuzitia ndani ya libfprint. Kilichobadilika ni nini? Ulinzi wa siri ulikufa ghafla? La hasha! Wauza laptopu wakubwa walianza kuuza mashine zenye Linux. Lenovo, kwa mfano, mwaka 2020 ilitangaza ThinkPad zenye Fedora. Mteja mkubwa akaomba, kabati likafunguka. Kumbe tangu mwanzo lile neno usalama lilikuwa pazia. Nyuma yake palikuwa na hesabu ya duka: wewe wa mtumba si mteja, huna unachoomba. Wengine wametoa draiva za Linux zikiwa zimefungwa, huwezi kuzisoma, zimetengenezewa laptopu fulani na mfumo fulani. Hiyo ni chakula chini ya kawa lililoshonwa: unanusa, na siku mpishi akihama unalala njaa.

Tufanye nini? Nina mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, unapokwenda kununua mtumba, nenda na flashi yenye Linux mfukoni. Mwombe muuzaji uiwashe mashine kwa flashi, andika lsusb, linganisha namba na orodha ya libfprint kabla hujatoa hata senti. Muuzaji akikukatalia, jirani yake anauza laptopu ile ile. Tukiwa wengi wa kuuliza, siku moja swali litafika kwa anayeagiza makontena.

Pili, ofisi zinazonunua mashine kwa kodi zetu ziandike katika zabuni kwamba kifaa kisicho na itifaki iliyo wazi hakinunuliwi. Lenovo na wenzake wametufundisha kwamba kabati hufungukia sauti ya mnunuzi mkubwa. Serikali ni mnunuzi mkubwa.

Tatu, na hapa nazungumza na sisi wenyewe, tujifunze kusoma maandishi haya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyozungumza Kiswahili. Hakuna aliyeombwa ruhusa, kwa sababu msimbo wake ulikuwa huru. Kazi ile ilikuwa ya watu wa lugha kama ilivyokuwa ya watu wa kompyuta. Leo mwandishi chipukizi anajua mizani ya shairi lakini anaamini programu ni uchawi wa Wazungu. Programu ni maandishi, bwana. Ina mwandishi, ina makosa, ina msomaji. Ikifichwa, ni kitabu kilichopigwa marufuku, na sisi tuliotakiwa kupiga kelele tunasema hayo ni mambo ya mafundi.

Mimi nimeiandikia kampuni iliyotengeneza kile kijidirisha, mara mbili, kwa adabu. Hawajajibu. Basi tangu mwezi uliopita, Jumamosi kijiweni, saa moja ya kwanza tunajifunza lugha ya C, watu watatu kati ya sita. Mmoja wao ni yule mshikaji aliyesoma sura ya mzee wangu; aliniomba radhi, nami nikamwambia mwenye macho ya kukariri vidole vya watu atafaa kuchungulia mazungumzo ya chipu. Tunakwenda polepole mno. Huenda laptopu itakufa kabla ya draiva kuzaliwa. Lakini wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na waliosema hivyo hawakuwa na haja ya kompyuta kujua ukweli wake.

Kwa sasa nimebadili neno la siri, na ninapoliandika nafunika kibodi kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliye mbele ya mashine ya benki. Hadithi yangu bado iko ukurasa wa kumi na moja. Mzee hajaisoma, na sitaki aisome kwa kusomewa na wengine.